Makamasi yangu mmeyachanganya na ya nani?

Katika toleo lililopita la Dirisha la Maabara niliandika, kwa sentensi mbili tu, kwamba wakati wa mlipuko wa ugonjwa maabara inaweza kuchanganya sampuli za watu kadhaa kwenye tyubu moja na kuzipima kwa pamoja. Sentensi hizo mbili zimeleta barua nyingi kuliko makala nzima ya minyoo iliyozizunguka. Baadhi ya barua zina hasira, na hasira hiyo naiheshimu. Mtu akikuruhusu umwingize pamba puani au umtoe damu, amekukabidhi kitu cha mwili wake, na ana haki ya kujua unakifanyia nini. Toleo hili nalitumia lote kwa jambo hilo moja.

*Mama, shikamoo. Mimi ni dereva wa malori makubwa, nyumbani Tunduma. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, tulichokonolewa pua hadi machozi, tukasubiri majibu huku mzigo umesimama. Sasa nasoma kwako kwamba makamasi yanaweza kuchanganywa. Kwa hiyo mwenzangu akiwa na virusi na mimi naandikwa mgonjwa? Yangu mmeyachanganya na ya nani?*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ile foleni. Nianze na hofu yako, maana ndiyo ya wengi: la, hupaswi kuandikwa mgonjwa kwa virusi vya mwenzako. Ngoja nikupitishe hatua kwa hatua, kama vile umesimama nyuma yangu maabara.

Pamba ikitoka puani mwako inatumbukizwa kwenye kichupa chenye maji ya kuhifadhia. Kichupa hicho ni chako peke yako, kina namba yako, na hakimwagwi. Mtaalamu anavuta kiasi kidogo sana kwa pipeti kutoka kwenye kichupa chako, kiasi kilekile kutoka kwa jirani yako, na kwa wengine, tuseme watu kumi, na kuvitia kwenye tyubu mpya. Hilo ndilo fungu. Vichupa vyenyewe, vikiwa bado vina sehemu kubwa ya sampuli, vinarudi kwenye jokofu kwa mpangilio. Kinachokwenda mashineni ni lile fungu.

Fungu likitoka hasi, watu wote kumi wanapewa jibu la hasi siku hiyohiyo, kwa kipimo kimoja. Likitoka chanya, maabara haijasema lolote bado kuhusu mtu yeyote. Inajua tu kwamba kati ya hao kumi yupo angalau mmoja mwenye virusi. Hapo vile vichupa kumi vinatolewa kwenye jokofu na kupimwa kimoja kimoja, na ni mwenye kichupa kilichojibu tu anayeitwa. Mahali popote ambapo mtu anaandikiwa chanya kwa jibu la fungu, huo ni uzembe, na una haki ya kudai kipimo chako peke yako kabla hujasaini karatasi yoyote.

Sasa faida yake. Chukua madereva 100, na tuseme mmoja wao ameambukizwa. Ukipima kila mmoja unatumia vipimo 100. Ukiwagawa mafungu kumi ya watu kumi, unapima mafungu kumi kwanza. Tisa yanatoka hasi, na watu 90 wanawasha magari wanaondoka. Fungu la kumi linatoka chanya, unapima watu wake kumi mmoja mmoja, unampata mwenye virusi. Jumla ni vipimo 20. Hata wangekuwa wawili, tena kwenye mafungu tofauti, ungetumia 30.

Mwaka ule wa 2020 dunia nzima iligombania vitendanishi vilevile (yaani kemikali za kupimia), pamba zilezile, vifaa vilevile vya kutolea chembe za virusi kwenye sampuli. Nchi zenye fedha zilitangulia dukani. Mei mwaka huo Zambia ilipoufunga kwa muda mpaka wa Nakonde, wewe unajua kuliko mimi foleni ile ilifika wapi na watu walilala vipi chini ya matela. Kila siku ambayo dereva anasubiri jibu, anakula kwa mama lishe, anaoga bafu la pamoja, anapiga soga na wenzake. Kusubiri kwenyewe kunasambaza ugonjwa. Maabara yenye vipimo 200 tu kabatini, ugonjwa ukiwa kwa mtu mmoja katika kila mia, inaweza kwa njia hii kuwajibu watu karibu 1,000. Ndiyo maana naitetea. Sisi tulio mbali na bohari kuu ndio ambao vitendanishi hutuishia mapema, na ndio tunaoihitaji hesabu hii kuliko wengine.

Hayo si ya kufikirika. Ghana, wataalamu wa taasisi ya Noguchi pale Accra walichanganya sampuli kwa mafungu tangu miezi ya mwanzo ya UVIKO-19, na hiyo ni sababu mojawapo nchi ile iliweza kupima watu wengi mapema.

*Kamwene Mama. Nafundisha hisabati sekondari hapa Mafinga. Naomba hesabu yenyewe ili niipeleke darasani. Nani aliibuni, na fungu linatakiwa liwe na watu wangapi? Kwa nini kumi? Kwa nini si hamsini?*

Kamwene, Mwalimu. Barua yako imenifurahisha.

Aliyeiandika kwa mara ya kwanza kwa njia ya kisayansi ni Robert Dorfman, Mmarekani, ambaye baadaye alikuwa profesa wa uchumi Harvard. Ilikuwa 1943, katikati ya vita, na makala yake ilitoka kwenye jarida la takwimu liitwalo Annals of Mathematical Statistics. Alikuwa akiwafikiria vijana walioitwa jeshini, ambao kila mmoja alipimwa damu kwa kaswende. Wagonjwa walikuwa wachache, vipimo vilikuwa vingi, na karibu vyote vilirudi hasi. Akauliza kwa nini kila tone la damu lilipiwe kipimo chake.

Andika ubaoni hivi. Herufi p ni sehemu ya watu walioambukizwa, na k ni idadi ya watu kwenye fungu. Kila fungu linapimwa mara moja, kwa hiyo kila mtu anabeba 1/k ya kipimo. Uwezekano kwamba fungu zima ni safi ni (1 − p) ikipandishwa kwa kipeo cha k. Fungu lisipokuwa safi, kila mtu ndani yake anapimwa tena. Kwa hiyo wastani wa vipimo kwa kila mtu ni 1/k, jumlisha 1, toa (1 − p) kwa kipeo cha k.

Waache wanafunzi wabadilishe k wenyewe wakitafuta jibu dogo kuliko yote. Ugonjwa ukiwa asilimia 1, watakuta fungu bora ni la watu 11, na kila watu 100 wanagharimu vipimo takriban 20. Ukifika asilimia 5, fungu bora linashuka hadi watu watano, na vipimo vinakuwa kama 43 kwa watu 100. Kwa asilimia 10 ni watu wanne, na vipimo karibu 59. Ugonjwa ukigusa asilimia 30, hata fungu bora, la watu watatu, linakuokolea kipimo kimoja tu katika mia. Juu kidogo ya hapo unapata hasara, kwa sababu mafungu mengi yanawaka, yaani yanatoka chanya, na unarudia kazi. Hilo ndilo jibu la hamsini yako: kwa ugonjwa wa asilimia 5, fungu la watu hamsini linatoka chanya zaidi ya mara tisa katika kumi.

Kuna jambo moja ambalo fomula hiyo hailioni, na mwanafunzi makini anaweza kuligundua. Inachukulia kwamba maambukizi yametawanyika ovyo. Kumbe ugonjwa hufuata nyumba, bweni, gari. Ukiwaweka watu wa nyumba moja kwenye fungu moja, wagonjwa wanajikusanya kwenye mafungu machache na mengine yanabaki safi. Unaokoa vipimo zaidi bila kununua chochote. Anayepanga vichupa akijua nani kalala na nani, anaifanya kazi ambayo mashine haiwezi.

Darasa likikuelewa, wape na ya Kigali. Wakati wa UVIKO-19 Wilfred Ndifon wa taasisi ya hisabati ya AIMS, Leon Mutesa na wenzao walibuni njia ya kuzipanga sampuli kama mchemraba, na kazi yao ikachapishwa katika jarida la Nature. Fikiria vichupa 27 vilivyopangwa tatu kwa tatu kwa tatu. Ukate mchemraba huo vipande vitatu kutoka juu kwenda chini, vitatu kutoka kushoto kwenda kulia, vitatu kutoka mbele kwenda nyuma. Kila kipande ni fungu la sampuli tisa, na kila sampuli imo kwenye mafungu matatu. Akiwepo mgonjwa mmoja, yatawaka mafungu matatu, na pale yanapokutana ndipo alipo. Vipimo tisa, watu 27, na umempata kwa jina bila kumrudia mtu yeyote. Wakiwa wagonjwa wawili, mistari inaweza kupishana ukashindwa kuwatenganisha, na hapo unarudi kuwapima wachache. Waulize wanafunzi wako ni kwa nini. Nadhani kipindi kizima kitaishia hapo.

*Dada, mimi niko Njombe. Baba yetu alipimwa akaambiwa hana, na baada ya siku chache akazidiwa. Sisemi kwamba alichanganywa. Ila nilivyosoma makala yako nilijiuliza: ukichanganya mtu mwenye virusi kidogo na wasio navyo tisa, si vinapotea?*

Pole sana, mdogo wangu. Swali lako ndilo linalotakiwa kuulizwa na kila daktari kabla hajakubali njia hii.

Ndiyo, vinaweza kupotea. Kuchanganya ni kuzimua. Sampuli ya baba ikiingia kwenye fungu la kumi, virusi vilivyomo vinabaki sehemu moja ya kumi ya ukali wake. Kipimo cha PCR kinafanya kazi kwa kuzidisha chembe za urithi za kirusi maradufu, mzunguko baada ya mzunguko, kwa kawaida hadi mizunguko 40, na mashine inapiga kelele pale inapoona zimefika kiwango cha kuonekana. Sampuli iliyozimuliwa mara kumi inachelewa kwa mizunguko mitatu na kidogo. Ya fungu la watu watano inachelewa kwa miwili na kidogo. Kwa mtu mwenye virusi vingi puani kuchelewa huko si kitu, anaonekana tu. Kwa yule ambaye peke yake angeonekana kwenye mzunguko wa 38, mizunguko mitatu inatosha kumficha.

Ndiyo maana nchi zilijiwekea mipaka. Marekani, mamlaka yao ya dawa na chakula iliporuhusu njia hii kwa mara ya kwanza Julai 2020, iliruhusu sampuli nne kwa fungu. Wenzetu wa Kigali walionyesha kwamba sampuli moja chanya inaweza kuonekana hata ikichanganywa na 99 zilizo safi, lakini hilo ni kwa sampuli yenye virusi vya kutosha na kwa mikono yenye uzoefu. Mimi binafsi nisingependa kuona maabara ya wilaya ikivuka kumi, na ningeanza na tano.

Lakini kuna kanuni iliyo kubwa kuliko idadi. Mgonjwa hachanganywi. Mtu mwenye homa, anayekohoa, anayebanwa na pumzi, mzee wa watu aliyeletwa amebebwa, huyo anapimwa peke yake, siku hiyo, hata kama kabatini kimebaki kipimo kimoja. Mafungu ni ya watu wasio na dalili: wasafiri, wafanyakazi, wanafunzi, watu waliokutana na mgonjwa. Na kwa maradhi kama Marburg, ambayo tumeyaona mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025, mtu anayeshukiwa hawekwi kwenye fungu kamwe. Hapo kukosea mara moja ni msiba wa kijiji.

Kuhusu baba: jibu la hasi linaweza kutoka hata kwa aliyepimwa peke yake, kama pamba haikufika mahali pake au kama alipimwa siku za mwanzo kabisa. Mgonjwa akizidiwa baada ya jibu la hasi, arudishwe na apimwe tena. Karatasi ya maabara isimzuie mtu kurudi hospitali.

*Mama, mwanangu yuko bweni Iringa mjini. Kukitokea ugonjwa wakapimwa kwa mafungu, wale kumi wa fungu lililowaka watachekwa shule nzima. Wasichana wanajua kusema.*

Umesema kweli, na jambo hili halitatuliwi na mashine. Fungu lina namba, halina jina la bweni wala la chumba kwenye karatasi inayotoka maabara. Wanaosubiri kurudiwa waambiwe tu kwamba majibu yao hayajakamilika, kama ambavyo majibu mengi huchelewa. Wakae kwa utulivu, wasichanganyike na wengine, na matroni awe na sababu moja ya kuwaeleza wote. Mkuu wa shule anayesoma orodha ya fungu mbele ya paredi amewaumiza watoto tisa ambao hawana kitu. Wazazi waulize hilo kwenye kikao kabla ya mlipuko, siyo baada yake.

*Shikamoo Mama. Mimi nafuga ng'ombe wa maziwa Rungwe, napeleka kituoni na wenzangu, yote yanamiminwa tangi moja. Hivi na sisi si tunachanganywa kila asubuhi? Kuna ugonjwa unaoweza kuonekana humo?*

Marahaba, na ndaga kwa swali hili, maana mifugo ilitangulia watu katika jambo hili.

Upo, na ni wa kuogopwa: ugonjwa wa kutupa mimba, brusela. Ng'ombe anatupa mimba miezi ya mwisho, kondo la nyuma linabaki, na binadamu anaupata kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe mikono mitupu. Mtu anapata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, anatibiwa malaria mara nyingi bila kupona.

Kuna kipimo cha zamani kinachofanywa kwenye maziwa yaliyochanganywa. Wanatia kimiminika chenye vijidudu vya brusela vilivyouawa na kutiwa rangi ya buluu. Kama maziwa yana kinga za ugonjwa huo, zinakamata vile vijidudu na kupanda navyo pamoja na malai, na juu ya tyubu inajitokeza pete ya buluu huku maziwa ya chini yakibaki meupe. Kama hayana, rangi inabaki imeenea. Pete ikionekana, mtaalamu wa mifugo anarudi nyuma, kundi kwa kundi, hadi ng'ombe mwenyewe, na huyo anathibitishwa kwa kipimo cha damu. Ni njia ileile ya Dorfman, ila ninyi mmekwishamiminia fungu lenu wenyewe tangini.

Udhaifu wake ni uleule wa kuzimuliwa: ng'ombe mmoja kwenye tangi la kundi kubwa anaweza kufichika, kwa hiyo kipimo hurudiwa mara kwa mara kwa mwaka na hakitoshi kufanywa mara moja mkalala. Chemsheni maziwa ya watoto, hata tangi likitoka safi. Na ng'ombe akitupa mimba, usimpe mbwa kile kichanga, kifukie kwa kina, na vaa glavu. Kwa wafuga kuku wa Uyole walioandika pia: ndiyo, kwa kuku ni kawaida pamba za kooni za ndege watano kuwekwa kwenye kichupa kimoja, maana mnachotaka kujua ni kama banda limeingiwa, wala si kuku yupi.

*Mwalimu wangu, nasoma uteknolojia wa maabara hapa Mbeya, mwaka wa mwisho. Kama nitapangiwa kituo na mlipuko ukaja, nianzie wapi?*

Anza kabla mlipuko haujaja, mwanangu. Hakikisha jokofu lina nafasi na joto linasomwa na kuandikwa, kwa sababu njia nzima inasimama juu ya vile vichupa vinavyosubiri kurudiwa. Sampuli za pua zinakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kwa saa 72. Ukijua hutamaliza ndani ya muda huo, zihamishie kwenye baridi kali ya nyuzi 70 chini ya sifuri. Kichupa kilichopotea baada ya fungu kuwaka ni mtu aliyeachwa bila jibu.

Mafungu yapangwe na mtu mmoja na kukaguliwa na mwingine, namba ya kichupa ikisomwa kwa sauti. Badilisha ncha ya pipeti kila kichupa, hata ukiwa umechoka, hasa ukiwa umechoka. Tone moja likiruka kutoka kwenye sampuli kali, litawasha mafungu jirani na utatumia vipimo vyote ulivyokuwa umeviokoa.

Kila jioni hesabu mafungu mangapi yamewaka. Ukitumia mafungu ya watano na ukaona zaidi ya manne katika kila kumi yanawaka, ugonjwa umefika kama asilimia 10 na akiba yako ya vipimo inapungua. Punguza fungu liwe la wanne au watatu. Yakiendelea kuwaka, acha kabisa, mwambie mganga mkuu wa wilaya kwa maandishi, na pima mmoja mmoja huku ukianza na wagonjwa. Ugonjwa ukishuka, utarudi kwenye mafungu.

Na kabla hujapima fungu la kwanza la watu halisi, tafuta sampuli ambayo unajua ni chanya lakini dhaifu, ile inayoonekana kwenye mizunguko ya mwishomwisho. Ichanganye na nne zilizo safi, ipitishe mashineni. Irudie na nyingine kadhaa dhaifu kama hiyo. Zikipotea, fungu la watano ni kubwa mno kwa mashine yako na vitendanishi vyako. Jaribu la watatu, kisha mpelekee msimamizi wako matokeo yote mawili.